Kaunti ya Neosho na Makumbusho Yake: Funzo kwa Waandishi wa Historia ya Tshopo

Utangulizi

Katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani, kuna kaunti ndogo iitwayo Neosho. Kaunti ni mgawanyo wa utawala ulio chini ya jimbo, na kwa kipimo chetu inakaribiana na wilaya. Kwa hesabu ya mwaka 2020 kaunti hii ilikuwa na wakazi wapatao 16,000 tu, idadi ambayo mtaa mmoja wa Kisangani unaweza kuifikia. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na wengine wamekuwa wakifanya kazi katika reli, katika visima vya mafuta na gesi, na katika viwanda.

Msomaji wa Kisangani ana haki ya kuuliza: kaunti hiyo yatuhusu nini? Jibu ni kwamba katika Chanute, mji wake mkubwa kuliko yote, limo jumba la makumbusho ambalo jina lake limebeba neno la Kiswahili, yaani safari. Humo zimehifadhiwa picha na kumbukumbu za filamu zilizopigwa katika msitu wa Ituri wakati wa safari ya mwaka 1929 hadi 1931. Wakati huo msitu wa Ituri ulikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki, nao ulitawaliwa kutoka mji wetu huu, uliokuwa ukiitwa Stanleyville.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kaunti ya Neosho ilivyozaliwa, jinsi ilivyopata makumbusho yake, na jinsi watu wa msitu wetu walivyoingia humo. Baada ya hapo tutatazama hali ya kumbukumbu katika jimbo la Tshopo. Hoja yetu ni moja: makumbusho ya mahali huhifadhi kwanza yale ambayo wenyeji wa mahali hapo wameyaona kuwa yao. Anayetokea ndani yake bila kuwa mwenyeji hubaki uso usio na jina, mpaka watu wake wenyewe watakapomwandika.

Jinsi kaunti ilivyozaliwa

Ardhi ya Neosho haikuwa tupu kabla ya walowezi. Ilikuwa sehemu ya nchi ya Waosage, taifa la wenyeji wa Marekani waliokuwa wakilima mashamba madogo kando ya mito na kuwinda nyati katika mbuga za magharibi. Mwaka 1847 mapadre Wajesuiti, wakiongozwa na John Schoenmakers, walianzisha misheni miongoni mwa Waosage mahali ambapo leo ni mji wa St. Paul. Mwaka 1855 watawala wa eneo la Kansas walichora mipaka ya kaunti na kuipa jina la Dorn. Mwaka 1861, mwaka uleule Kansas ilipokuwa jimbo kamili, jina hilo liliachwa na kaunti ikaitwa Neosho, kwa jina la mto unaopita humo.

Tarehe 29 Septemba 1865, katika kituo cha biashara cha Canville kilichokuwa ndani ya kaunti hii, wakuu wa Waosage walitia sahihi mkataba. Kwa mkataba huo waliiuzia serikali ya Marekani sehemu ya mashariki ya ardhi yao kwa dola 300,000. Walowezi walikuwa wameanza kuingia, na baada ya hapo wakaja kwa wingi. Sheria ya mwaka 1870 ikakamilisha jambo hilo: Waosage walitakiwa kuondoka Kansas kabisa, nao wakahamia kusini, katika nchi ambayo sasa ni jimbo la Oklahoma. Hivyo kaunti ilibaki na jina la mto lililotoka katika lugha ya Waosage, lakini Waosage wenyewe hawakuwamo tena.

Kisha ikaja reli. Mahali njia mbili za reli zilipokutana palizuka vijiji vinne, New Chicago, Tioga, Chicago Junction na Alliance, kila kimoja kikidai kuwa ndicho kitakachokuwa mji. Ugomvi huo ulimalizika mwaka 1873 vijiji vyote vinne vilipoungana na kuchukua jina la mhandisi wa reli, Octave Chanute. Huyu alizaliwa Paris mwaka 1832, na baadaye alipata sifa kwa majaribio yake ya vyombo vya kuruka angani.

Mwanahistoria wa Kisangani hawezi kusoma habari hizi bila kukumbuka za kwetu. Mji huu nao ulizaliwa mahali ambapo chombo kimoja cha usafiri hukoma na kingine huanza. Meli zipandazo kutoka Kinshasa hukomea hapa kwa sababu ya maporomoko, na reli ya kwenda Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, yenye urefu wa kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko hayo. Hapa nasi watu walikuwapo kabla ya kituo: Wagenia walikuwa wakivua kwa mitego yao mikubwa ya miti kabla Stanley hajapita mwaka 1877, na kabla hajaweka kituo chake mwaka 1883. Wao hawakuhamishwa kama Waosage. Lakini katika vitabu vingi vilivyoandikwa na wageni, mji unaanza siku mgeni alipofika.

Binti wa Chanute na mumewe

Osa Leighty alizaliwa Chanute mwaka 1894, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1910 aliolewa na Martin Johnson, kijana aliyekulia katika mji wa Independence, si mbali na hapo, na aliyekuwa amesafiri katika bahari ya Pasifiki pamoja na mwandishi Jack London. Wawili hawa walifanya kazi ya kupiga picha za nchi za mbali na kuzionyesha kwa Wamarekani kwa kiingilio. Walianza katika visiwa vya Pasifiki, kisha mwaka 1921 wakafika Kenya. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1927 walikaa katika mlima Marsabit, kando ya ziwa walilolipa jina la Paradise, wakipiga filamu za wanyama kwa msaada wa fedha za George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak. Filamu yao ya mwaka 1928 waliipa jina la Kiswahili, Simba.

Safari iliyofuata, ile ya mwaka 1929 hadi 1931, ndiyo iliyowaleta Kongo. Walipiga kambi katika msitu wa Ituri miongoni mwa Wambuti, kisha wakaenda katika milima ya mashariki kutafuta gorila. Mwaka 1932 ilitokea filamu yao Congorilla, iliyotangazwa kuwa filamu ya kwanza yenye sauti kupigwa Afrika. Gorila wawili wachanga walichukuliwa hadi Marekani na kuuzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego mwaka 1931. Waliitwa Ngagi na Mbongo. Habari zao ziliandikwa kwa makini: uzito wao, chakula chao, na mwaka wa kufa kwao, Mbongo mwaka 1942 na Ngagi mwaka 1944.

Wambuti hawakuandikwa hivyo. Katika filamu ile wanaonyeshwa wakipewa sigara nene za kuvuta na vipulizo vya kuchezea, na wakicheza ngoma kwa kufuata muziki wa jazi uliotoka katika santuri. Wanaonyeshwa ili mtazamaji acheke. Mtu aliyeitazama Congorilla mwaka 1932 aliweza kutoka ukumbini akiyafahamu majina ya Martin na Osa, na hata ya gorila wawili, bila kupata habari yoyote ya maana kuhusu koo za watu wale, uwindaji wao wa nyavu, au mapatano yao na wakulima waliokuwa jirani zao. Watu hao hawakuwa mabubu. Walikuwa na nyimbo zao na lugha zao, na wengi wao waliweza kusema na mgeni kwa Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo ya mashariki.

Martin alikufa Januari 1937 kwa ajali ya ndege huko California. Osa aliandika kitabu cha maisha yao, I Married Adventure, kilichotoka mwaka 1940 na kununuliwa na watu wengi mno. Alikufa mwaka 1953. Wote wawili wamezikwa Chanute.

Jumba la mwaka 1961

Mwaka 1961 watu wa Chanute walifungua makumbusho kwa heshima ya wawili hao. Vitu vya kwanza vilitoka kwa Belle Leighty, mama yake Osa, ambaye alikuwa ameyatunza mabaki ya kazi ya binti yake. Wazo halikutoka kwa serikali ya Marekani, wala kwa chuo kikuu fulani. Ulikuwa mji mdogo ulioamua kwamba binti wa mfanyakazi wa reli asisahaulike. Mwaka 1974 daktari na mtaalamu wa sanaa, Pascal James Imperato, aliwapa mkusanyiko wa sanaa za Afrika. Baadaye yeye na mkewe Eleanor waliandika kitabu cha historia ya maisha ya akina Johnson, kilichotoka mwaka 1992. Mwaka 1993 makumbusho yakahamia katika kituo cha zamani cha reli ya Santa Fe, kilichotengenezwa upya na kuwekwa pia maktaba ya mji.

Tunapaswa kulisifu jambo hili kabla ya kulihoji. Bila mama yule na majirani zake, picha nyingi za Afrika ya mashariki na Kongo za miaka ya 1920 na 1930 zingaliweza kupotea. Mtafiti wa Nairobi, Bunia au Kisangani ana deni kwao. Wala hawakumdanganya mtu yeyote: makumbusho yao ni ya Martin na Osa, na hivyo ndivyo yalivyoitwa. Ni makumbusho ya kaunti, nayo yanafanya kazi ya makumbusho ya kaunti. Mgeni aingiaye humo hujifunza jinsi watu wa Kansas walivyoiona Afrika, na habari hiyo nayo ni historia.

Neno lenyewe lililo mlangoni linastahili kuangaliwa na wanafunzi wa Kiswahili. Safari, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, kwetu ni mwendo wa mtu yeyote kutoka mahali hadi mahali. Tippu Tip, aliyekubali mwaka 1887 kuwa liwali wa maporomoko haya kwa niaba ya Mfalme Leopold, alieleza safari zake za biashara katika habari za maisha yake, ambazo Heinrich Brode alizichapisha kwa Kiswahili huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Safari hizo zilikuwa na wapagazi, pembe, watumwa, njaa na vita. Neno lilipoingia katika Kiingereza lilipunguzwa, likabaki na maana ya matembezi ya tajiri anayewinda wanyama au kuwapiga picha. Mpagazi akatoweka ndani ya neno, kama vile Mmbuti alivyotoweka ndani ya picha ingawa uso wake unaonekana.

Waosage walivyofanya

Kama simulizi ingeishia hapo, tungebaki na malalamiko tu. Lakini historia ya Neosho ina sehemu ya pili, nayo imo nje ya mipaka ya kaunti.

Katika mji wa St. Paul, pale ilipokuwa misheni ya Wajesuiti, chama cha historia cha kaunti kina makumbusho yake kuhusu misheni hiyo na walowezi. Waosage wamo humo, lakini wamo kama sura ya kwanza ya habari za watu wengine. Wao wenyewe hawakuridhika kuwa sura ya kwanza. Mwaka 1938, katika mji wa Pawhuska huko Oklahoma, walifungua makumbusho yao, ambayo huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko makumbusho yote ya Marekani yanayomilikiwa na taifa la wenyeji. Mwandishi John Joseph Mathews, Mosage aliyesoma Oxford, alikuwa miongoni mwa walioipigania kazi hiyo.

Kuna kazi moja ya makumbusho ya Pawhuska inayotufaa zaidi kuliko nyingine. Sheria ya mwaka 1906 iliyogawanya ardhi ya Waosage ilifuatwa na orodha ya watu 2,229 waliostahili kupata fungu. Makumbusho yalijipa wajibu wa kutafuta picha ya kila mtu aliyemo katika orodha hiyo. Familia zikaleta picha kutoka sandukuni na kutoka ukutani. Jina lililokuwa mstari tu katika daftari la serikali likapata uso.

Sisi tunakabiliwa na kazi hiyohiyo kwa upande wa pili: tuna nyuso zinazongoja majina. Katika mwaka uleule wa 1961 makumbusho ya Chanute yalipofunguliwa, Colin Turnbull alichapisha The Forest People, kitabu kuhusu Wambuti wa Epulu katika Ituri. Turnbull alikuwa amekaa nao na kusema nao, na katika kitabu chake wana majina, tabia, ugomvi na utani, kama vile Kenge ambaye msomaji hamsahau. Kitabu hicho kimepingwa katika mengi, lakini kinaonyesha kwamba kilichokosekana katika filamu ya 1932 hakikuwa kigumu kupatikana. Ilitosha kuuliza jina na kuliandika.

Kumbukumbu za Tshopo

Jimbo la Tshopo kwa mipaka yake ya sasa lilizaliwa mwaka 2015, Jimbo la Mashariki lilipogawanywa kuwa manne: Tshopo, Ituri, Uele ya Juu na Uele ya Chini. Lakini kumbukumbu za nchi hii zilitawanyika zamani. Sanamu na vinyago vya Wambole na Walengola vimo katika makumbusho ya Tervuren karibu na Brussels, yaliyotokana na maonyesho ya mwaka 1897. Habari za Tippu Tip zilichapishwa Ujerumani. Picha za Ituri ziko Kansas.

Si kwamba sisi hatujui kuhifadhi. Yangambi, katika jimbo letu hili, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1933 iliacha hifadhi ya mimea mikavu yenye vielelezo zaidi ya 100,000, nayo imepita katika vita kadhaa bila kupotea. Kila jani lililobandikwa pale lina cheti chake: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Tukiulinganisha utaratibu huo na picha za watu wa zama hizohizo tutaona aibu. Jani la Yangambi lina cheti kilichokamilika kuliko binadamu wa Ituri aliyesimama mbele ya kamera.

Jambo hili si la kupendeza wasomi peke yao. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani, na mabomu yakaangukia nyumba za raia. Nyumba inapoteketea, vyeti na picha zilizomo huteketea nayo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda iliwajibika kwa matendo yake katika Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Katika hukumu hiyo Mahakama ilieleza kwamba ushahidi uliotolewa haukutosha kuthibitisha idadi kamili ya waliokufa, ikaikadiria kuwa kati ya 10,000 na 15,000 kwa eneo lote la kesi, na ikatoa fidia kwa jumla. Serikali yetu ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Ziko sababu za kisheria zilizoifanya tofauti hiyo iwe kubwa hivyo. Hata hivyo, moja ya sababu ni ile tunayoizungumzia: mtu asiyeandikwa ni vigumu kumdai.

Hitimisho

Kaunti ya Neosho inatufundisha mambo mawili. La kwanza, kumbukumbu ya mahali haihitaji mji mkuu wala hazina kubwa. Mama mmoja alitunza masanduku ya binti yake, majirani wakatafuta chumba, na baada ya miaka zaidi ya sitini watu wangali wanaingia. La pili, aliyeachwa nje ya kumbukumbu hizo hana budi kutengeneza zake, kama Waosage walivyofanya Pawhuska. Kulalamika kwa Chanute au Tervuren kuna haki yake, hasa tangu Ubelgiji ilipotunga mwaka 2022 sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Lakini kitu kikirudi mahali ambapo hakuna ajuaye jina lake, kitakuwa kimehama kabati tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi inayoweza kuanza muhula huu. Kila mwanafunzi wa historia na wa Kiswahili alete nakala ya picha moja ya familia yake au ya jirani yake, iwe ya Kabondo, ya Lubunga, ya Isangi au ya Ubundu. Nyuma yake aandike majina ya wanaoonekana, mahali, mwaka, kazi waliyokuwa wakiifanya, na aliyeeleza habari hizo. Maelezo yaandikwe kwa lugha ileile ambayo mzee aliyasema, iwe Kiswahili, Lingala, Kilokele au Kigenia, pamoja na tafsiri yake. Nakala zihifadhiwe chuoni, na orodha yake ichapishwe. Aidha, idara iombe Chanute nakala za picha za Ituri, ili zipelekwe Mambasa na Epulu na kuonyeshwa wazee. Walioonekana katika picha hizo wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao wako, na mjukuu huweza kuutambua uso wa babu yake hata kama kamera haikumuuliza jina.

Wazee wanaoweza kutueleza majina hayo wanapungua kila mwaka. Neosho ilianza na masanduku ya nyumba moja. Sisi tuanze na picha moja moja, na kila moja iwe na jina.